Kwa Nini Daktari Ameniongezea Dawa ya Pili ya Presha?

Shikamooni, wazee wangu. Chai naiona imeshaingia, kwa hiyo sitawachosha.

Pale kliniki kuna kilio ninachokisikia karibu kila wiki. Mama anatumia amlodipini, dawa ya kulegeza mishipa, miligramu 5, tunampima, bado 160 kwa 95. Namwandikia kidonge cha pili, cha aina nyingine. Uso unabadilika. "Daktari, kwani nimezidiwa?" Mwingine anataka nimwongezee kilekile alichokizoea, ameze viwili, yaishe.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Presha haipandishwi na kitu kimoja. Kuna chumvi na maji yanayoijaza mishipa, kuna mishipa yenyewe kujibana, kuna homoni zinazoanzia kwenye figo. Nikikupa dawa ya kukojoza peke yake, maji na chumvi vitapungua na presha itashuka. Lakini figo zikihisi upungufu huo zinaamsha homoni za kubana mishipa na kurudisha chumvi. Ni kama panya: umeziba tundu la jikoni, anatokea la stoo. Dawa ya pili inaziba la stoo.

Mwaka 2009 watafiti walijumlisha majaribio 42. Waliona kwamba kuongeza dawa ya aina nyingine kunashusha presha takriban mara tano zaidi ya kuongeza maradufu dozi ya dawa ileile. Mara tano! Na dozi kubwa ina gharama yake. Amlodipini ikifika miligramu 10, baadhi ya watu huvimba miguu (naona kuna mzee ameshavua viatu pale nyuma). Ukiichanganya na dawa ya jamii ya lisinoprili au losatani, zile zinazozuia homoni za kubana mishipa, uvimbe huo mara nyingi hupungua.

Ila si kila jozi inafaa sawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulifanyika kwa Waafrika weusi 728 katika nchi sita, majirani zetu Kenya, Uganda na Msumbiji wakiwemo. Amlodipini pamoja na dawa ya kukojoza, au amlodipini pamoja na perindoprili (ndugu yake lisinoprili), zilishusha presha vizuri kuliko perindoprili na dawa ya kukojoza bila amlodipini. Kwa hiyo ukiona amlodipini kwenye cheti cha karibu kila mtu, si mazoea tu ya madaktari.

Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliingiza kwenye orodha ya dawa muhimu vidonge vyenye dawa mbili ndani ya kimoja. Mimi navipenda kwa sababu moja ya kibinadamu: mtu hawezi kumeza kimoja akaacha kingine. Ukivikosa, au bei ikikushinda, viwili tofauti vitafanya kazi hiyohiyo mradi umeze vyote.

Tusiazimane dawa, jamani. Lisinoprili na losatani hazichanganywi. Zinaweza kuumiza figo na kupandisha madini ya potasiamu kwenye damu, na moyo ukayumba. Na binti aliye mjamzito asiguse hata moja kati ya hizo mbili. Awahi kliniki abadilishiwe.

Mashine ya kupimia iko mezani pale. Ukae dakika tano kwanza, mgongo uegemee, miguu isipishane, na usiongee. Aliyekwisha kunywa chai asubiri nusu saa, kwa hiyo nyie mlioanza na vikombe mtapimwa mwisho.