Somo wako ni nani?

Tumsifu Yesu Kristo! Mmeitikia kama watu waliokwisha kunywa chai. Ahsanteni walezi, ahsanteni makatekista, na ninyi viongozi wa vyama vyetu vya vijana, VIWAWA na TYCS, mliokaa nyuma kabisa kama mnaogopa kuulizwa. Mtaulizwa.

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nafundisha darasa la Kipaimara, tukafika siku ya kila mmoja kuandikisha jina la mtakatifu anayemchagua. Kijana mmoja wa kidato cha pili akaandika Kizito. Nikamwuliza kwa nini Kizito. Akanijibu, "Mwalimu, ni fupi." Darasa likacheka, nami nikacheka, nikaita anayefuata. Nilipofika nyumbani ndipo likaanza kunikera. Yule mtoto hakuwa na kosa. Nilikuwa nimewabandikia ukutani orodha ya majina na tarehe za sikukuu, basi. Kwenye orodha ile, kweli, kilichokuwa kinaonekana ni urefu wa jina.

Sisi Wakatoliki mtakatifu huyo tunamwita somo. Somo wangu Monika, somo wako Yosefu. Wenzetu wa pwani nao wanalo neno hilohilo, na wao wana somo mwingine zaidi: yule mwanamke anayekabidhiwa mwali amfunde, amwambie yale ambayo mama mzazi anaona haya kuyatamka. Kijana wa miaka 14 anamhitaji somo wa namna hiyo. Ana maswali ambayo hatampelekea paroko, na nyumbani hayasemeki. Sisi tunampa sanamu ya plasta.

Basi twende kwa Kizito, mmoja wa Mashahidi wa Uganda, lakini tuingilie mlango wa nyuma. Wamisionari wa Afrika, shirika la mapadre na mabruda Wakatoliki, walifika Buganda mwaka 1879. Novemba 1882 wakaondoka, wakavuka ziwa wakaja kukaa Bukumbi, hapo Mwanza. Hawakurudi hadi Julai 1885. Hesabu: karibu miaka mitatu bila padre, bila Misa. Ingekuwa parokia zetu, tungekuta buibui. Waliporudi walikuta wasomaji wameongezeka. Waganda waliwaita hivyo, abasomi, kwa sababu kuingia dini na kujifunza kusoma vilikwenda pamoja. Nani aliwafundisha? Walifundishana. Pale ikulu alikuwapo Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyekatwa kichwa Novemba 1885, na baada yake Karoli Lwanga, ambaye hata miaka 30 hakufikisha. Denis Ssebuggwawo alikuwa na miaka kama 16. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alimkuta akitoka kumfundisha katekisimu rafiki yake Mwafu, mtoto wa Katikiro, yaani waziri mkuu, akamchoma mkuki kwa mkono wake.

Nawauliza walezi: katika utume wetu wa vijana, kijana anafundisha nini, na anamfundisha nani? Kwetu kijana ni wa kupanga viti, kuimba kwaya na kuongoza magari siku ya mavuno. Tunampa kazi za mikono halafu tunalalamika kwamba imani yake haina mizizi.

Na kuna jambo jingine, hapa ndipo walezi tunapopiga chenga. Wale vijana waliuawa kwa kukataa kuiacha dini, ndiyo. Lakini pia walikuwa wakimkatalia kabaka aliyewataka kimwili. Lwanga ndiye aliyekuwa akiwakinga, Kizito hasa, aliyekuwa mdogo wao, miaka kama 14. Tunapowasimulia vijana tunaruka sehemu hiyo, tunasema tu "waliishika imani". Wanaosikiliza wana miaka 14 vilevile. Kuna binti anayeogopa kupanda bodaboda fulani, kuna mvulana ambaye mtu mzima mwenye cheo anamwita peke yake. Hao ndio wanaomhitaji Lwanga, na sisi tumewafichia. Somo gani huyo anayeona haya kuliko mama?

Mumkumbuke na Mbaga Tuzinde. Mukaajanga, mkuu wa wachinjaji, alikuwa amemlea kama mwanawe. Walifungwa Namugongo, mahali pa kuwachomea moto, wiki nzima kuni zikikusanywa, na ndugu wakamsihi aikane dini, akubali kufichwa. Akakataa. Mwishowe mlezi wake akaagiza apigwe rungu kwanza ili asiungue akiwa hai. Huo ndio wema pekee baba yule aliobaki nao.

Najua wengine mlitaka nianze na Carlo Acutis, aliyekufa kwa saratani ya damu mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na Papa Leo XIV akamtangaza mtakatifu 7 Septemba 2025. Amelazwa Assisi na jinzi na raba zake. Ni somo mzuri, ila tunamtumia kama peremende: "Unaona, hata kompyuta inampeleka mtu mbinguni!" Kijana anajua tunamrairai. Mimi huwaambia kwamba Carlo alijiwekea saa moja tu ya michezo ya video kwa wiki. Hapo darasa hunyamaza.

Wale wa kidato cha nne wanaoanza kuwaza ajira nawapa Floribert Bwana Chui wa Goma. Jina huwachekesha kwanza. Alikuwa mkaguzi wa bidhaa mpakani, akakataa rushwa ya kupitisha chakula kilichoharibika. Julai 2007 akatekwa na kuuawa, miaka 26. Alikuwa pia akiwafundisha watoto wa mitaani, ambao Goma huwaita maibobo. Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri.

Nirudi kwa yule wa "ni fupi". Wiki iliyofuata nilimpa daftari na wiki tatu: nenda kamtafute Kizito, halafu utawafundisha watoto wa Komunyo ya kwanza. Siku ilipofika nilikaa karibu na mlango. Mikono ilimtetemeka, lakini alisimulia: usiku ule ikuluni Munyonyo Lwanga alipombatiza Kizito, na jinsi inavyosimuliwa kwamba alimwahidi kumshika mkono saa ya kufa. Akamaliza, "Wakafa wameshikana mikono."

Binti mmoja mdogo wa mbele akanyoosha kidole. "Si kweli. Bibi yangu amekwenda Namugongo. Lwanga walimtenga, wakamchoma peke yake."

Kijana akaangalia daftari. Ni kweli, nami sikuwa nimemwambia. Binti hakuketi.

"Sasa Kizito alishikwa mkono na nani?"

Kijana akanigeukia mimi. Nikamwonyesha kwa kichwa kwamba darasa ni lake.