Kutoka "Nani Mkosaji?" hadi "Nani Mfanyakazi?"

Ndugu Mwenyekiti, wanasheria wenzangu, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, mabibi na mabwana,

Mmeniita nizungumzie mapya katika sheria ya fidia kwa wafanyakazi. Mniwie radhi, nitaanza na jambo la kale sana: shehena ya nyama ya kondoo.

Mwaka 1837, huko Uingereza, iliamuliwa kesi ya Priestley dhidi ya Fowler. Priestley alikuwa mtumishi wa Fowler, muuza nyama. Gari la farasi alilopanda lilipakiwa kupita kiasi, likavunjika, naye akavunjika paja. Wananchi walioteuliwa kusikiliza na kuamua kesi wakasema alipwe pauni 100. Jaji, Lord Abinger, akaukataa uamuzi huo. Alihoji kwamba bwana akibebeshwa dhima hii, basi kesho atadaiwa hata pale mjakazi anapomlaza mtumishi mwenzake kwenye kitanda chenye unyevu. Hoja inachekesha, ilmradi paja si lako.

Kutokana na fikra za aina hiyo waajiri walipata milango mitatu ya kutokea. Aliyekosea ni mfanyakazi mwenzako, si mimi. Au: wewe mwenyewe ulizembea. Au: ulijua kazi ni ya hatari na ukaikubali. Mjane aliyefika mahakamani alipaswa kuifunga yote mitatu, huku mashahidi wake wakiwa watu wanaolipwa mshahara na mshtakiwa.

Ujerumani ndiyo iliyobadili swali, mwaka 1884. Kansela wake, Bismarck, hakusukumwa na huruma. Miaka sita kabla alikuwa amepiga marufuku vyama vya kisoshalisti, na sasa alitaka kuwanyang'anya wafuasi. Lakini sheria yake ya bima ya ajali ilikuwa na wazo zito: tusiulize nani mkosaji, tuulize kama mtu ameumia kazini. Waajiri wachangie, na aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi alipwe theluthi mbili ya mshahara wake. Uingereza ikafuata kwa njia yake mwaka 1897. Ni nipe nikupe: mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kosa, lakini katika nchi nyingi anaachia haki ya kumshtaki mwajiri, na maumivu yenyewe hayalipwi kama ambavyo mahakama ingeyalipa.

Marekani ilichelewa. Tarehe 24 Machi 1911 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York ilifuta sheria ya fidia ya jimbo hilo, ikisema kumtoza mwajiri asiye na kosa ni kumpora mali yake. Kesho yake, naam, kesho yake, kiwanda cha nguo cha Triangle kiliwaka moto katika jiji la New York. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji, na mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wananchi wa New York walibadili katiba yao mwaka 1913 ili sheria ipite.

Sasa niingie kwenye mapya.

Sheria ya Uingereza ya 1897 ilitumia maneno ambayo yameenea duniani: ajali iwe imetokana na kazi, na itokee wakati wa kazi. Katika kiwanda chenye geti na king'ora, hilo ni jepesi. Je, kwa anayefanyia kazi nyumbani? Desemba 2021, mahakama kuu ya masuala ya hifadhi ya jamii ya Ujerumani iliamua kesi ya mtu aliyetoka kitandani akishuka ngazi kwenda kwenye meza yake ya kazi ghorofa ya chini. Akateleza, akavunjika mgongo. Mahakama ilisema hiyo ni ajali ya kazi. Kilichosaidia ni kwamba alikuwa anakwenda moja kwa moja kazini, bila hata kifungua kinywa. Kwa mara ya kwanza nimeona faida ya kutokunywa chai asubuhi.

Lakini wanaosumbuka zaidi si wanaoanguka ngazi. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kuwa karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu ya kazi, na ajali ni takriban 330,000 tu kati yao. Waliobaki ni wagonjwa. Sheria yetu ilizaliwa kwa ajili ya paja lililovunjika, ambalo lina siku, saa na shahidi. Saratani inayoletwa na kuvuta vumbi la asbesto huweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 50. Kiwanda kimefungwa, msimamizi ameshazikwa, na mapafu hayatoi risiti.

Dawa iliyopatikana ni orodha ya magonjwa ya kazi. Mkataba wa kimataifa wa 1925 ulikuwa na magonjwa matatu: sumu ya risasi (ya madini, si ya bunduki), sumu ya zebaki, na kimeta. Orodha ya kimataifa ya 2010 ni ndefu sana na imegusa hata maradhi ya akili. Faida ya orodha ni moja: ugonjwa wako na kazi yako vikilingana, sheria inadhania vinahusiana, na anayepinga ndiye atafute ushahidi. Wakati wa UVIKO-19 nchi kadhaa ziliwapa wahudumu wa afya dhana ya namna hiyo. Hata hivyo, nikisoma mafaili ya wadai, nakuta umri umeandikwa, namba ya simu imeandikwa, na pale penye "kazi" pameachwa wazi. Daktari asipouliza, orodha haimsaidii mtu.

Nimalizie na wanaofanya kazi kupitia programu za simu. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwongozo mwaka 2024, na nchi wanachama zilipewa hadi Desemba 2026 kuutekeleza: penye dalili za kudhibitiwa, mtu achukuliwe kuwa mwajiriwa. Someni vizuri. Dhana hiyo haiendi yenyewe kwenye mashauri ya hifadhi ya jamii, yaani palepale majeruhi anapoihitaji, mpaka nchi husika iamue hivyo. Malaysia mwaka 2017 ilikwepa ubishi wote. Ikatunga sheria ya bima ya ajali kwa waliojiajiri, ikianza na madereva wa teksi. Kwangu mimi hiyo ndiyo akili.

Kwa sababu fikirini dereva aliyewasha programu, hana abiria, anasubiri, kisha anagongwa. Yuko kazini? Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Uber, ilisema muda huo wa kusubiri ni wa kazi, ila kesi ilihusu ujira na likizo. Mfupa wake uliovunjika bado haujapata hukumu yake hapo.

Naona mkono umenyooshwa kule nyuma tangu nilipotaja chai. Karibu, ndugu, uliza.