Bakteria wa Utumbo na Seli Zinazosaidia Kudhibiti Sukari ya Damu

Ndugu wasikilizaji, mwaka 1964 watafiti wa Uingereza waliwapa watu glukosi kwa njia mbili, mara kwa kuipeleka kwenye utumbo mwembamba na mara kwa kuitia mshipani, wakakuta kwamba ile iliyopitia utumboni ilichochea insulini, yaani homoni inayoshusha sukari ya damu, nyingi zaidi. Kumbe utumbo huipasha kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, habari za chakula, na habari hizo hubebwa na homoni.

Homoni hizo hutengenezwa na seli chache mno, takribani moja katika kila mia ya seli zinazotanda ukuta wa ndani wa utumbo. Leo nazungumzia zile ziitwazo seli L, zinazotoa homoni ya GLP-1. Homoni hii huongeza insulini pale sukari inapokuwa imepanda, huzuia glukagoni, homoni nyingine ya kongosho, isilisukume ini kumwaga sukari zaidi, na hupunguza kasi ya tumbo kuteremsha chakula. Lakini haidumu, kwani ndani ya dakika mbili hivi nusu yake huwa imekwisha kuvunjwa.

Sasa angalieni mahali seli hizi zilipo. Huzidi kuwa nyingi kuelekea mwisho wa utumbo, huko huko ambako bakteria nao wamejaa. Mtu anapokula ugali wa dona na maharage, wanga mwingi humeng'enywa mapema, ila makapimlo, yaani nyuzinyuzi, hushuka hadi utumbo mpana, kwa sababu miili yetu haina vimeng'enya vya kuyavunja. Bakteria wanavyo. Huyachachua na kutoa asidi fupi za mafuta, nazo ni asetati, propionati na butirati. Hata gesi inayotusumbua baada ya kula maharage hutokana na kazi hiyo hiyo. Seli L zina vipokezi vya asidi hizi, na mwaka 2012 watafiti wa Cambridge walionyesha kwamba seli za panya waliokosa kipokezi kiitwacho FFAR2 zilipoguswa na asidi hizo zilitoa GLP-1 kidogo zaidi. Bakteria hubadili pia asidi za nyongo, ambazo nazo huziamsha seli L.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba bakteria wengi maana yake ni GLP-1 nyingi. Panya waliolelewa bila bakteria wowote wamekutwa na GLP-1 nyingi katika damu, na kwao homoni hiyo hupunguza mwendo wa chakula utumboni, jambo linaloupa mwili muda zaidi wa kufyonza virutubisho.

Kwa upande wa binadamu, utafiti ninaouthamini zaidi ulifanyika China na kuchapishwa mwaka 2018. Wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili walipewa mlo wenye nyuzinyuzi nyingi za aina mbalimbali. Kundi dogo la bakteria wanaotengeneza asidi fupi likastawi, GLP-1 ikaongezeka, na sukari ikashuka kuliko kwa wenzao waliopata huduma ya kawaida. Kisha bakteria wao wakahamishiwa kwa panya wasio na bakteria, na panya waliopokea wale wa baada ya mlo huo wakaidhibiti sukari vizuri zaidi kuliko waliopokea wale wa kabla yake.