Kutoka Gari la Moshi hadi Baruapepe: Jinsi Maneno ya Teknolojia Yanavyobadili Sura

Wazee wangu, walimu wenzangu na ndugu wasikilizaji, nawashukuru kwa kunikaribisha Tanga, kwa sababu neno ninalotaka kuanza nalo lina historia katika mji huu. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianzia hapa mwaka 1893, na mwaka 1911 reli hiyo ikafika Moshi. Chombo kilichopita juu yake kiliitwa gari la moshi, kwa maneno matatu yanayoeleza kitu kama mgeni anavyokieleza: ni gari, na lina moshi. Baadaye ile “la” ikadondoka, ikabaki gari moshi. Kisha nafasi iliyokuwa katikati nayo ikazibwa, na leo twaandika garimoshi. Sarufi ndiyo inayothibitisha kwamba safari imekwisha, kwa maana anayesema gari la moshi huongeza idadi kwa kusema magari ya moshi, lakini anayesema garimoshi husema magarimoshi, kiambishi kikiwa kimekaa mbele ya neno zima.

Ninachotaka kukieleza leo ni kwamba nafasi, kistari na herufi kubwa katika neno la teknolojia ni alama za ugeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; neno nalo likishazoea kazi huvuliwa alama hizo, na aghalabu huvuliwa na watumiaji wenyewe kabla kamusi haijaandika chochote.

Tuitazame barua pepe. Wapo wanaoiandika kwa maneno mawili na wapo wanaoiandika baruapepe, na kila upande unadai ndio sahihi. Hapa wingi hautusaidii kama ulivyotusaidia kwa garimoshi, kwa kuwa barua ni barua, iwe moja au kumi. Kipimo ninachokiamini zaidi ni kimilikishi. Katika Kiswahili “-angu” hupenda kukaa karibu kabisa na nomino yake: twasema barua yangu ndefu, wala hatusemi barua ndefu yangu, isipokuwa kwa mkazo maalumu. Lakini sijapata kumsikia mtu akisema “barua yangu pepe”. Sote twasema barua pepe yangu, maana yake ni kwamba ulimi umekwisha kuyaunganisha maneno hayo mawili, na kalamu ndiyo iliyochelewa. Linganisheni na simu ya mkononi: watu husema simu yangu ya mkononi, kimilikishi kikipenya katikati bila taabu, kwa hiyo kuyabana maneno hayo yawe neno moja kungekuwa kuutangulia ulimi. Simu janja iko njiani. Nasikia “simu yangu janja” na “simu janja yangu” kutoka kwa vijana wa nyumba moja, na kwa sababu hiyo sina haraka ya kuihukumu.

Waingereza na Wamarekani wamepita njia hiyohiyo, na kwao tarehe zinajulikana. Shirika la habari la Associated Press, ambalo mwongozo wake wa uandishi hufuatwa na magazeti mengi ya Marekani, liliondoa kistari katika “e-mail” mwaka 2011, likaandika “email”. Mwaka mmoja kabla yake lilikuwa limeunganisha “Web site” na kuishusha herufi yake kubwa, ikawa “website”. Na mwaka 2016 likaandika “internet” kwa herufi ndogo. Donald Knuth, mtaalamu wa kompyuta ambaye ameishi bila baruapepe tangu Januari 1990, alikwisha kueleza kwamba maneno mapya ya Kiingereza huanza na kistari na kukipoteza yanapoenea, na akatoa mfano wa “software”, ambalo zamani liliandikwa kwa kistari.

Herufi kubwa ya “Internet” ilikuwa na sababu yake. Mwaka 1974, katika waraka wa kiufundi wa Vinton Cerf, mmoja wa waasisi wa intaneti, na wenzake wawili, neno hilo lilitumika kama ufupisho wa kuunganisha mitandao. Baadaye wataalamu wakawa na haja ya kutofautisha mtandao wowote wa mitandao na ule mmoja mkubwa wa dunia nzima, na huo ndio uliopewa herufi kubwa. Sisi tuliipokea intaneti wakati ule mmoja ndio pekee uliojulikana na watu wa kawaida. Sioni, basi, kwa nini mwandishi wa Kiswahili aibebe herufi kubwa iliyotatua tatizo ambalo hakuwa nalo. Tena, wazee wetu wa Pwani waliandikiana barua na tendi kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa, na hati hizo hazina herufi kubwa wala ndogo. Hakuna utenzi uliopungukiwa heshima kwa hilo. Majina ya biashara ni jambo jingine: M-Pesa itabaki na kistari chake maadamu mwenye jina anaiandika hivyo.

Mwaka 2022 makarani wa sensa walizunguka nchi nzima na vishikwambi, yaani kompyuta bapa za kushika mkononi, na baadaye vifaa hivyo vikagawiwa walimu. Bila shaka baadhi yenu mnavyo mikobani. Huko mitaani neno hilo huandikwa kishikwambi na pia kishkwambi, kama vile mshikaji alivyozaa mshkaji. Mimi nashikilia kishikwambi, kwa kuwa irabu ile bado inasikika mtu akitamka polepole, lakini nakiri kwamba miaka ishirini ijayo huenda nikashindwa.

Jambo hili lina gharama. Nimewahi kupewa na ofisi moja nyaraka zake za miaka kadhaa nizisome na kuzisahihisha, na ndani ya waraka mmoja nilikuta barua pepe, barua-pepe na baruapepe, pamoja na Intaneti na intaneti. Kompyuta inayotafuta herufi kwa herufi haijui kwamba hayo matatu ya mwanzo ni neno moja. Anayetafuta moja huyakosa mawili, na waraka uliopo huonekana kama haupo. Iliniuma, kwa sababu mwenye haja na waraka huo hatajua alichokikosa.

Kwa hiyo, darasani kwangu mwanafunzi akiandika barua pepe sikati alama, na akiandika baruapepe sikati pia. Akiziandika zote mbili katika insha moja, humrudishia daftari achague moja, aniambie kwa nini, kisha aifuate hadi ukurasa wa mwisho.