Moyo Unavyosafisha Protini Zake

Ndugu wasikilizaji, moyo hupiga mara kama 100,000 kwa siku. Seli za misuli yake huzaliwa upya kwa kiasi kidogo mno: karibu asilimia 1 kwa mwaka ujanani, na chini ya hapo uzeeni. Maana yake protini zikichakaa, hubadilishwa humo humo ndani ya seli, kazi ikiwa inaendelea.

Protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja. Ukikunjuka vibaya, sehemu zinazokimbia maji, ambazo zilijificha ndani, hubaki wazi na kunatana na protini jirani. Hsp70, protini inayosaidia nyingine kujikunja, huzishika sehemu hizo na, kwa nishati ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, huipa protini nafasi ya kujikunja tena. Ikishindikana, vimeng'enya vitatu hupokezana kazi ya kuibandika alama ya kuondolewa: ubikwitini, protini ndogo ya asidi amino 76. Wa mwisho kati yao mara nyingi ni CHIP, anayeishikilia Hsp70 hiyo hiyo. Kwa hiyo mwokozi na mhukumu wamekaa pamoja. Alama moja kwa kawaida haitoshi. Zikifungamana nne au zaidi kupitia lisini ya 48, yaani asidi amino iliyo nafasi ya 48 ya ubikwitini, proteasomu, mashine ya seli ya kukata protini, huitambua protini hiyo na kuikatakata. Kwa ugunduzi wa mfumo huu, Ciechanover, Hershko na Rose walipewa Nobeli ya Kemia mwaka 2004.

Sasa tazameni mlango wa proteasomu. Ni mwembamba: protini hupita ikiwa imenyooshwa kama uzi. Bonge halipiti. Bonge huachiwa otofajia, yaani utando hulizingira na kulipeleka kwenye lisosomu, kifuko cha seli chenye vimeng'enya, likayeyushwe.

Chukueni mfano wa alfa-B kristalini, protini inayolinda nyuzi za desmini zinazoshikilia mpangilio wa misuli. Kwenye nafasi ya 120, arginini ikibadilika kuwa glisini, asidi amino moja tu, mlinzi huyo huganda pamoja na desmini aliyopaswa kuilinda. Kwa panya wa maabara wenye badiliko hilo, proteasomu nayo huzidiwa, na moyo hushindwa.

Ndiyo sababu carfilzomib inataka uangalifu. Dawa hii ya mieloma, saratani ya seli za plazma kwenye uboho, huziba proteasomu makusudi, ili seli za saratani zilemewe na taka zao. Lakini moyo unaitegemea proteasomu hiyo hiyo, na baadhi ya wagonjwa hupata moyo kushindwa. Moyo upimwe kabla ya kuanza dawa, shinikizo la damu lidhibitiwe, na mgonjwa anayeanza kukosa pumzi au kuvimba miguu amwone daktari mara moja, asisubiri dozi inayofuata.