Saksafoni Inayoghani

Habari za jioni, ndugu zangu. Santuri hii niliyoishika ina dakika 33 tu. John Coltrane, mpiga saksafoni wa jazi wa Marekani, na wenzake waliirekodi kwa siku moja, tarehe 9 Desemba 1964, katika studio ya Rudy Van Gelder huko New Jersey. Jina la santuri ni A Love Supreme, yaani Upendo Mkuu. McCoy Tyner yuko kwenye piano, Jimmy Garrison kwenye besi, Elvin Jones kwenye ngoma.

Turudi kwanza mwaka 1957. Heroini na pombe vilikuwa vimemteka Coltrane, hata Miles Davis, mpiga tarumbeta aliyekuwa kiongozi wake, akamtoa kwenye bendi. Akaacha vyote viwili. Kwenye jalada la santuri hii aliandika kwamba mwaka ule Mungu alimzindua, naye akaomba ajaliwe kuwafurahisha watu kwa muziki. Miaka saba baadaye ndiyo anaondoa nadhiri, mimi naielewa hivyo.

Wengi huishia sehemu ya kwanza, na siwalaumu. Garrison anaanza na noti nne, jina la santuri lenyewe lina mizani nne. Coltrane anazichukua, anazizungusha kwenye funguo zote 12, yaani kuanzia kila sauti ya muziki, kisha anaweka saksafoni chini na kuziimba kwa kinywa chake.

Lakini mimi nimekuja kwa ajili ya sehemu ya nne. Ndani ya jalada kuna shairi lake la kumshukuru Mungu. Haliimbwi na mtu. Saksafoni ndiyo inayolisoma, silabi kwa silabi, na kila ifikapo “asante Mungu” sauti inashuka. Wenzetu wa jazi walihitaji wachambuzi wawaeleze. Ninyi mliokua mkisikia tenzi zikighaniwa barazani, mtalitambua jambo hili kabla sijamaliza kueleza! Si wimbo, wala si mazungumzo, anaghani.

Hakukaa hapo. Juni 1965 alirekodi Ascension, wanamuziki 11 wakivuma kwa pamoja, na baadhi ya mashabiki wakamkimbia. Mwisho wa mwaka Tyner akaondoka, Jones akafuata. Tarehe 17 Julai 1967 Coltrane akafariki, umri miaka 40. A Love Supreme yote nzima aliipiga jukwaani mara chache mno.

Karatasi za shairi zimewafikia wote? Wa nyuma huko? Haya, fuateni kwa kidole. Kijana wangu, tuwekee sehemu ya nne.