Mnyoo Asiyeweza Kuishi Peke Yake

Mabibi na mabwana, leo tunazungumzia minyoo wa filaria: wale wanaoleta matende na mabusha, na jamaa zao wanaoleta usubi, ugonjwa unaopofua macho. Nitawaomba tumtazame kwanza kiumbe aliye ndani ya mnyoo, kwa sababu dawa ninayotaka tuielewe, antibiotiki iitwayo doksisaiklini, haimlengi mnyoo mwenyewe.

Kiumbe huyo ni bakteria aitwaye Wolbachia. Hertig na Wolbach walimweleza mwaka 1924 baada ya kumwona ndani ya mbu. Miaka ya 1970 hadubini ya elektroni ilionyesha vijidudu vya namna hiyo ndani ya minyoo wa filaria, lakini havikupewa uzito kwa muda mrefu.

Anakaa wapi? Chini ya ngozi ya mnyoo kuna mistari miwili minene ya seli, mmoja kila ubavu. Hapo wamejaa, katika dume na katika jike. Jike anao pia kwenye ovari, ndani ya mayai na viini vinavyokua. Kwenye viungo vya uzazi vya dume hawamo, hivyo bakteria hurithiwa kwa mama tu. Lava, yaani mnyoo mchanga, anapotoka kwa mbu au inzi mweusi wanaomweneza huwa na bakteria wachache. Akishaingia mwilini mwa binadamu, katika wiki za mwanzo bakteria huongezeka kwa kasi, na kwa jike huongezeka tena mayai yanapoanza kutengenezwa. Yaani bakteria huwa wengi pale mnyoo anapokuwa na kazi kubwa ya kukua na kuzaa.

Mwaka 2005 jenomu, yaani jeni zote, ya Wolbachia wa Brugia malayi, mmoja wa minyoo wa matende, ilisomwa yote, na mwaka 2007 ikafuata ya mnyoo. Mnyoo amepoteza jeni nyingi za kutengeneza hemu, ile sehemu yenye chuma ambayo vimeng'enya vingi haviwezi kufanya kazi bila yake. Bakteria anazo jeni hizo karibu zote, na anaweza pia kutengeneza riboflavini na vijenzi vya DNA. Yeye naye hawezi kujitengenezea karibu asidi amino zote. Huzipata kwa mnyoo. Ukimwondoa bakteria kwa antibiotiki, seli za uzazi za jike na viini vyake huanza kujiua zenyewe.

Huenda mtu akauliza: mnajuaje kwamba si antibiotiki yenyewe iliyomdhuru mnyoo? Jibu liko kwa Acanthocheilonema viteae, filaria asiye na Wolbachia kabisa. Alipopewa tetrasaiklini, antibiotiki ya kundi moja na doksisaiklini, hakudhurika. Naupenda sana ushahidi huu, kwa sababu unafunga mjadala kwa kulinganisha tu.

Sasa dawa. Doksisaiklini miligramu 200 kwa siku, wiki 4 hadi 6. Kwa wiki 6 ni vidonge 84 vya miligramu 100. Penisilini au erithromaisini hazichukui nafasi yake. Mgonjwa ameze kidonge akiwa ameketi wima, kwa maji mengi, na asilale mara moja, maana kidonge kikikwama huchoma umio. Asimeze pamoja na vidonge vya chuma wala dawa za kutuliza asidi ya tumbo, kwa kuwa huzuia dawa isifyonzwe. Ngozi huungua jua kirahisi. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka 8 hawapewi.

Kosa kubwa ni kuacha mapema. Doksisaiklini huzuia bakteria kutengeneza protini. Haiwaui papo hapo. Wakibaki wachache, wanaweza kuongezeka tena.

Kosa la pili ni kupima mapema. Kwenye usubi, ukihesabu mikrofilaria, yaani watoto wa mnyoo, wa ngozini mwezi mmoja baada ya dawa utadhani imeshindwa, kumbe wale waliokwisha kuzaliwa wanaendelea kuishi. Kilichokatika ni uzazi. Zaidi ya nusu ya majike hufa, lakini kifo huonekana miezi 18 hadi 27 baada ya matibabu. Ni polepole, ndiyo, ila mnyoo huyo angeishi miaka 10 hadi 15. Ivamektini, dawa ya minyoo inayotolewa mikrogramu 150 kwa kila kilo ya uzito, huondoa mikrofilaria haraka na kumzuia jike asiwatoe kwa miezi kadhaa, kisha anarudia. Ndiyo maana dawa hizi mbili husaidiana.

Bakteria huyu anahusika pia na uharibifu wa jicho. Mikrofilaria anapofia kwenye konea, Wolbachia humwagika na kuita seli nyeupe za damu, na uvimbe wa mara kwa mara huacha kovu linaloziba mwanga.

Mwisho ni Loa loa, filaria wa Afrika ya Kati na Magharibi. Hana Wolbachia, kwa hiyo doksisaiklini haimuui, na hilo ni jambo jema, maana kuwaua mikrofilaria wake wengi kwa mkupuo ni hatari. Mtu mwenye mikrofilaria wa Loa zaidi ya 30,000 kwa mililita ya damu akipewa ivamektini anaweza kupata madhara makali ya ubongo. Mahali ambapo Loa na usubi vipo pamoja, pimeni damu kwanza kabla ya kutoa ivamektini, na ichukuliwe mchana, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Damu ya usiku itawadanganya.